Kwa Ombi la Ndugu

Jumatatu, 15 Januari

Theluji, moshi wa makaa ya mawe, na Profesa. Wiki imeanza kwa mkosi.

Profesa Moldabek ametukusanya asubuhi yote kutuambia jambo ambalo lingetosha mstari mmoja. Tangu taasisi yetu ipewe ruhusa ya kusoma kumbukumbu za matibabu za nchi nzima – kila aliyelazwa, kila aliyepasuliwa, kila aliyekufa, mamilioni ya watu – anatembea kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa. "Dunia inatutazama!" Dunia ipi? Anachotaka ni orodha tu: hospitali ipi upasuaji wake ni salama, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Iwe tayari kabla ya Nauryz, mwaka mpya wetu wa Machi, apate kutoa tuzo ya Mkono Salama mbele ya kamera. Tuzo yenyewe ni kiganja cha kioo. Cha mwaka jana kilivunjika kidole gumba njiani wakakibandika kwa gundi. Salama kweli!

Na nani aliyekipokea hicho chenye gundi? Hospitali ya Bulakty, mji wa akina Saken mume wangu. Na mwaka huu tena Bulakty iko juu. Waliofariki baada ya upasuaji: sifuri. Larisa Hegai, tunayekaa naye meza moja, ameinama akasoma kwenye kompyuta yangu.

"Huko watu hawafi? Basi shoga, tuhamie."

Jioni simu. Jemadari.

Hapa naandika peke yangu, hakuna wa kusoma, na bado mkono unagoma kuliandika jina la mama yake Saken. Mkamwana hatamki jina la mavyaa wake, ndivyo tulivyolelewa. Wenzangu wamewabandika wakwe zao majina matamu, Mwezi, Asali. Mimi wangu ni Jemadari, na amelistahili. Kaka mkubwa wa Saken naye hatajwi. Huyo ni Waziri, kwa sababu aliwahi kuwa naibu wa meya mwaka mmoja na mpaka leo hajajua kwamba aliachishwa.

Jemadari ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Atapasuliwa Februari. Wapi? Bulakty, bila shaka!

"Si ninyi wenyewe mmesema ndiyo ya kwanza nchini?" kaniuliza. "Au huwa mnasema tu ili mle mshahara?"

Jumatano, 17 Januari

Sifuri ile imenikosesha raha. Hospitali inayopasua watu mwaka mzima, majira ya baridi na ya joto, vijana na vikongwe, na hakuna hata mmoja anayekufa? Hata kinyozi ana makosa zaidi ya hayo.

Hospitali hutuletea hesabu ya waliofia ndani ya kuta zake. Ndani! Basi leo nimefanya nilichopaswa kufanya mwaka jana: nimewachukua wote waliopasuliwa Bulakty – hawana majina, mfumo umewageuza kuwa namba ndefu – nikawatafuta kwenye rejesta ya vifo ya taifa.

Nimewapata.

Wametoka hospitalini Jumanne wakiwa hai, Jumatano wamezikwa. Wametoka asubuhi, wamekufa alasiri. Kwenye safu ya "namna alivyotoka" kuna majibu manne: amepona, amehamishwa, amefariki, ametoka kwa ombi la ndugu. Bulakty hawafariki. Bulakty wanaombwa na ndugu.

Desturi naijua, sikuzaliwa jana. Babu yangu mzaa mama alitolewa hospitali akiwa anapumua kwa shida. Tukamlaza kwenye zulia lake, akafa macho yakitazama dari yake mwenyewe. Mtu afie kwake. Wasimpasue chumba cha maiti, azikwe upesi, watu wamlilie wanavyotaka. Ni desturi njema na nitamng'oa meno atakayeicheka. Lakini ni desturi ya anayekufa! Humu ndani namuona mtu wa miaka arobaini na minane, apendiksi. Namuona mwanamke aliyezidi hamsini kidogo, mawe ya nyongo. Nani anakufa kwa mawe ya nyongo siku hizi? Ukivuja unafunguliwa tena, unasafishwa, unarudi nyumbani kugombana na majirani.

Nimewatafuta pia wachache waliopata madhara yaleyale Bulakty lakini wakahamishiwa hospitali kubwa za Almaty. Wengi wao bado wako hai. Mmoja amezaa juzi.

Larisa amenipoza. "Subiri. Pengine walio hoi zaidi ndio wanaopelekwa nyumbani. Huwezi kuwalinganisha hivihivi." Kweli, siwezi. Kinachoniudhi kwa Larisa ni kwamba kila mara yuko sahihi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawa wamepata dawa: kifo nacho wanakificha.

Ijumaa, 19 Januari

Nimempelekea Profesa.

Kasoma na miwani, kasoma bila miwani. Kisha: hao wamekufa nyumbani, sisi tunachunguza hospitali.

Nikamwambia basi kila hospitali itoboe mlango wa nyuma, tuwape wote tuzo.

Hakucheka. Hajawahi kucheka kitu ambacho hakukisema yeye. Akaanza hotuba: tutawadhalilisha wazee wetu mbele ya wageni, tutaiita mila yetu kosa la daktari, magazeti yataandika Wakazaki wanawabeba wagonjwa kama magunia. Nimesikia hotuba za namna hii tangu nikiwa mwanafunzi, nazijua mpaka mahali pa kukohoa. Nikawa nimeshageuka niondoke.

"Baba yangu nilimtoa hivyohivyo," kasema nyuma yangu. "Kwa saini yangu. Naye utamweka kwenye jedwali lako?"

Nimekwenda chooni nimekaa huko mpaka nikapata jibu – kwamba ndiyo, naye pia, hasa yeye – lakini jibu la chooni halimsaidii mtu. Debe tupu yule! Afadhali angebaki debe tupu. Sasa namwona na baba yake kila nikimtazama.

Jumamosi, 27 Januari

Bulakty. Saa tatu za barafu kwenye gari, Saken akiimba ili nisiongee.

Nilikuja na azma moja: Jemadari akapasuliwe Almaty. Nimeshindwa kabla sijavua koti.

Mezani yuko Waziri, keshakalia kiti cha heshima. Kanyoosha kidole ukutani – wamepachika picha ya gazeti, mkurugenzi wa hospitali, Dakta Yerkebulan, amekumbatia kiganja chetu cha kioo. Muhuri wa taasisi yetu chini.

"Shemeji, huu muhuri wa nani?"

"Wetu."

"Mnapiga mihuri mkiwa mmelala?"

Nimemjazia chai kikombe pomoni. Meza nzima ikaacha kutafuna, maana kikombe kilichojaa ndiyo namna yetu ya kumwambia mtu aende zake. Waziri akakipuliza akakinywa chote, akaomba kingine. Hata kutukanwa hajui!

Jemadari aliona. Haoni nini yule? Akanifuata jikoni, kakamata ubavu wake wa kulia kama aliyebeba kuku ndani ya gauni.

"Sema linalokukera, usilimwage kwenye vikombe vyangu."

Nikamwambia. Yote. Sifuri, mlango wa nyuma, ombi la ndugu. Nilidhani atashtuka. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba theluji ni baridi.

"Na hilo umelipata kwenye kompyuta? Mke wa Orazbai alitolewa. Mzee wa posta alitolewa. Yerkebulan akiona hapana tumaini, anaita watoto, anawaambia kwa adabu, tunamchukua mtu wetu. Bulakty nzima inajua, hata mbuzi."

"Lakini mama, ni wangapi walikuwa hapana kweli?"

"Waulize. Si wewe unashinda nao kazini?"

Nikasema Almaty kuna vifaa, kuna wataalamu. Kasema Almaty kuna majokofu. Watamfungia humo, watamchana mara ya pili akiwa amekufa, na sisi tutakaa nje kwenye benchi tukiomba ruhusa ya kumlilia. "Mama mzima nikangoje kwenye friji kama samaki!" Waliokuwa sebuleni wakacheka kwa sauti. Anapenda kuchekesha. Anaongea na mimi lakini huwa anahutubia kijiji.

Kisha akafanya lile ambalo sitamsamehe. Akawaita wanawe wawili, akaweka mkate katikati ya meza, wakaushika kwa mkono wa kulia. Wakaapa. Mambo yakiharibika, wanamleta nyumbani. "Mchana," kaamrisha, "si usiku kama mzigo wa magendo." Saken wangu naye kashika! Amefumba macho, masikio mekundu, lakini kashika. Kiapo cha mkate hakivunjwi, hata walevi wanakiheshimu.

Mimi sikuambiwa nishike. Mkono wa mkamwana ni wa kuukatia huo mkate, basi.

Jumanne, 6 Februari

Amepasuliwa. Salama. Ameamka, ameomba chai ya maziwa, wamemnyima, amemtukana nesi.

Waziri kwenye simu: "Umeona? Sifuri!"

Nimefurahi, na furaha yenyewe inaniudhi. Profesa ameuliza orodha iko wapi. Nimemwambia inapikwa.

Alhamisi, 8 Februari

Homa tangu jana. Tumbo limekuwa gumu. Nani ametuambia? Hakuna! Saken ameng'amua tu kwa sababu mama yake alipopigiwa simu hakuwa na la kumlaumu. Akasema "sawa, mwanangu," akakata. Saken akaja jikoni amepauka.

"Amesema sawa."

Nikampigia Dakta Yerkebulan. Sauti tamu, ya mtu anayesoma risala ya harusi. Ni hali ya kawaida, wanafuatilia, Mungu ni mwema. Macho yake yamekuwa manjano? Kidogo tu, dada, kidogo tu. Umewapigia Almaty? Bado hatujafika huko.

Nyongo inavuja. Sihitaji kuwa daktari. Nimesoma habari hii mara nyingi mno wiki hizi, nikiwa na chai mkononi, na kila mara nilikuwa najua mstari unaofuata.

Nimemwambia Larisa naondoka. Hakutania. Amenifungia mkate na soseji kwenye mfuko, akasema nimpigie hata kama sina la kusema.

Tunalala njiani kwa rafiki wa Saken, barabara imefungwa kwa tufani ya theluji mpaka asubuhi. Hapo ndipo ujumbe wa Profesa umeingia: orodha ameikamilisha mwenyewe. "Safu ya nne, ya ombi la ndugu, imeondolewa ili jedwali lipendeze." Lipendeze! Nimemsomea Saken kwa sauti. Amefungua dirisha akatema mate nje, kwenye baridi ile.

Ijumaa, 9 Februari

Tumepitia nyumbani kwanza kuacha mizigo. Laiti tusingepitia.

Uani wanasimamisha hema jeupe la sufu. Hema la msiba! Fito zimeshasimama, wanaume wanne wanavuta kamba, kondoo dume amefungwa kwenye nguzo ya umeme, anatafuna kadibodi. Jikoni wanawake wanakaanga maandazi, wananong'ona kwa furaha ile ya watu wanaojua wataonekana leo. Yuko hai, nimewaambia. Yuko hai, jamani! Shangazi mmoja akanifuta bega kwa mkono wenye unga: ndiyo mwanangu, tunajua, ni tahadhari tu, kwenye baridi hii hema halisimami haraka.

Tahadhari! Kwa mikanda ya gari sijawahi kuwaona na tahadhari, kwa breki za magari yao sijawahi. Kwa hili tu.

Hospitalini Dakta Yerkebulan ametupokea ofisini kwake, mimi, Saken na Waziri. Ni mtu mzuri wa sura, na simuoni kuwa mwovu, hilo ndilo linalochosha. Anawajua wote. Jemadari alimnyonyesha siku mama yake alipokuwa anaumwa. Kiganja cha kioo kiko rafuni nyuma yake, na alama ya gundi inaonekana.

Nesi kaleta chai. Kamimina. Pomoni. Cha Waziri, cha Saken, cha kwangu – vyote vimejaa mpaka ukingoni.

Waziri safari hii amekielewa kikombe. Amekirudisha mezani bila kukinywa, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nimemwona kuwa ni mtoto wa mtu.

Dakta kasema walilofanya ni lote lililo ndani ya uwezo wao. Kasema nyongo imesambaa, umri nao. Kasema leo Ijumaa, siku njema. Kasema barabara imesafishwa.

"Umri gani?" nikamuuliza. "Ana miaka sitini na minane. Mwezi uliopita alimkimbiza ng'ombe wa jirani mpaka barabarani!"

"Dada, mimi nampenda kama mama."

"Basi mpeleke Almaty kama mama. Helikopta ya wagonjwa iko wapi? Umeiita?"

Kaanza kuizungusha pete kidoleni. Helikopta inataka maelezo. Inataka aandike nini kimeharibika, lini, mikononi mwa nani. Hakusema hivyo, kasema tu kwamba safari itamtesa bibi, anaweza kufia angani, kwa nini tumtese. Na labda ni kweli! Hilo ndilo linaloniua, anaweza kufia angani kweli. Waziri kaniangalia kwa jicho la kufunga mjadala.

"Shemeji, tumeapa. Tumeshika mkate mbele yako."

Saken anatazama zulia. Nilimkanyaga mguu. Kaendelea kutazama zulia.

Tukaingia kumuona. Manjano, mdogo. Sikujua kwamba yeye ni mwanamke mdogo namna ile, miaka yote nilikuwa namtazama kutoka chini. Midomo imepasuka. Akawaona wanawe wakijikaza, akawaonea aibu.

"Tokeni. Mkamwana anifunge kitambaa, siwezi kuonekana hivi."

Wakatoka mbio, wanaume hawa! Nikamwinua kichwa, moto kama birika. Nikaanza kumfunga. Mkono wake ukanikamata kifundo.

"Wale unaowahesabu," kasema kwa sauti ya chini, kavu. "Wale wasiokubali kupelekwa nyumbani. Walirudi?"

"Mama..."

"Jibu."

"Walipelekwa Almaty. Wengi walirudi. Lakini siwezi kukuapia, pengine wao hawakuwa hoi kama –"

"Usinihutubie! Walirudi?"

"Wengi, mama. Wengi walirudi."

Kafumba macho. Nikadhani amelala. Nje gari lilikuwa linanguruma, Waziri ameshaliwasha ili lipate joto.

"Hema wamesimamisha?"

Nikaendelea kumfunga kitambaa.

"Wamesimamisha," kajijibu. "Na dume wamemnunua, au ni yule wangu mwenye baka?"

"Mwenye baka."

"Mbwa hawa. Yule nilimweka wa harusi." Akatafuta pumzi, ikachukua muda. "Sikiliza. Mimi siwezi kusema. Mji mzima umenisikia, friji, samaki, wote wamecheka. Sasa nigeuke niseme nataka kupona? Watasema ajuza ameogopa. Na wale wawili nimewashikisha mkate mwenyewe, kwa mkono wangu."

Kanibana kifundo. Kucha zimeingia.

"Wewe hukushika."

Nimekaa na kitambaa nusu kimefungwa.

"Watanichukia, mama."

"Sasa hivi wanakupenda?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nimecheka pale, na yeye pembe moja ya mdomo ikapanda, kisha maumivu yakamrudisha. Nimemchukia mwanamke huyu miaka kumi na tisa na leo natamani niwang'ate watu kwa ajili yake.

"Usiwaambie nimekuomba," kasema. "Hata Saken."

Nimetoka. Nimeomba fomu ya kumhamisha mgonjwa. Nesi kafungua droo: za kumtoa kwa ombi la ndugu zipo bunda zima, zimepangwa vizuri. Ya kumhamisha haipo hata moja. Wameitafuta vyumba viwili, mwishowe wameichapa upya, imetoka na mstari mweusi katikati.

Dakta Yerkebulan ameiona. Amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Nimemwambia ataiita helikopta fomu hii ikisainiwa, au nitaipigia mimi wizara nikiwa nimesimama hapahapa kwenye korido yake. Hakukataa wala hakukubali. Kasema inatakiwa saini ya mtoto wa mgonjwa. Mkamwana hatoshi.

Waziri amesahau miwani garini. Kanipa kalamu bila kuangalia karatasi, akidhani ni ile ya kumpeleka nyumbani. "Jaza wewe, una mwandiko mzuri. Haraka, jua litatuchwea."

Nimekaa kwenye benchi. Daftari hili liko juu, fomu iko chini. Wanadhani najaza. Naandika hapa kwa sababu mkono umegoma kule, umegoma kabisa, kwenye mstari wa kwanza. "Jina la mgonjwa." Nimeshughulika na maelfu yao, hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina, na sikuwahi kuona tabu.

Saken yuko dirishani, kanigeuzia mgongo. Kama ataulizwa mbele ya kaka yake atachagua nini sijui. Mume wangu, na sijui.

Zeinekul. Haya. Nimeliandika, hapa kwanza, nijaribu mkono. Zeinekul. Halikunichoma. Sasa nimeliandika na kule, kwa herufi kubwa, juu ya mstari mweusi.

"Apelekwe wapi." Almaty.

"Kwa ombi la." Hapa kalamu imesimama tena. Nimekwisha kuwadharau wote walioandikwa kwenye mstari huu, mmoja mmoja, nikiwa kwenye kiti changu chenye joto. Nimejiandika mimi. Jina langu kamili, na mbele yake: mkamwana.

Imebaki saini.

Nimemwita Saken. Amegeuka. Waziri naye amenyanyuka, amenyoosha mkono, anataka kuisogeza karatasi karibu na macho aisome, na Saken bado yuko hatua mbili kutoka kwenye kalamu –